Misumari Mdomoni

Meneja wa karakana alisema jino si mguu. Mtu akiumwa mguu, alisema, hapo kuna sababu ya kulala nyumbani, lakini jino hung'olewa asubuhi na mchana mtu akarudi kazini. Kwani fundi wa makochi anapigilia misumari kwa jino? Wasaidizi wake wakacheka, maana meneja akitania ni lazima watu wacheke. Fundi naye akatabasamu kwa upande mmoja wa uso, ule ambao haukuwa umevimba, akasema sawa bosi, akatoka.

Kilichochekesha hakikuwa kile walichokicheka. Fundi huyu alikuwa anapigilia kwa mdomo kweli. Mafundi wa zamani ndivyo walivyofundishwa: unajaza misumari midogo mdomoni, ulimi unaigeuza mmoja mmoja mpaka kichwa kitangulie kwenye midomo, nyundo yenye sumaku inaudaka, mkono wa kushoto unavuta kitambaa, ta, ta, msumari umeshaingia. Wenyewe huuita mdomo mkono wa tatu. Karakana ilikuwa imenunua bastola ya kupigia pini, tena ilipigwa picha siku ilipoletwa, lakini bastola ile haifanyi kazi bila pampu ya upepo, na pampu hakuna aliyekumbuka kuiagiza. Ikawekwa kabatini kwa meneja pamoja na vikombe vya ushindi wa mpira. Ndio wakubwa hao, wananunua kichwa cha ng'ombe halafu wanadai maziwa.

Na kazi ilikuwa nyingi. Ukumbi mpya wa baraza ulikuwa unangoja viti vyake, vyote vya kitambaa chekundu, na mgeni mkubwa alikuwa anakuja kuufungua. Jino la fundi halikuwa kwenye ratiba ya mgeni.

*

Chumba cha meno kilikuwa mwisho wa korido ya hospitali, baada ya dirisha la dawa na baada ya lile benchi. Fundi alilipita benchi bila kuligeukia, kama mtu anavyompita jirani waliyegombana naye. Binti yake, aliyefunga kibanda chake cha ushonaji ili amsindikize, aliligusa kwa ncha za vidole. Hapo ndipo mama yake alipofia, mwaka uliopita, amekaa, anatafuta pumzi. Chumba cha mitungi ya hewa kilikuwa hatua chache tu kutoka pale, kimefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa mkutanoni. Mwenye ufunguo ni nani? Hilo ndilo fundi aliloliuliza baadaye, akaambiwa na huyu aulize kwa yule, na yule akamwambia aulize kwa huyu, na mwisho akaambiwa kwa upole kwamba jambo lake linashughulikiwa. Lilikuwa bado linashughulikiwa.

Tabibu wa meno alikuwa msichana mwembamba wa mkataba wa muda, umri wake na wa binti haukupishana sana. Kiti cha wagonjwa hakikupanda wala kushuka, kwa hiyo yeye ndiye aliyepanda na kushuka, juu ya kreti la soda lililopinduliwa. Fundi alikikagua kiti kwanza, kama anavyokagua viti vyote. Ngozi ilikuwa imechanika ubavuni, sponji linachungulia.

“Kiti chako kinaumwa,” akasema.

“Nimekiombea matibabu mara nyingi, mzee. Nafikiri kiko kwenye foleni nyuma yako.”

Fundi alimpenda hapo hapo. Tabibu akampiga sindano ya ganzi, akangoja, akamgongagonga, akauliza kama anasikia kitu. Hakusikia. Jino lenyewe lilikuwa gego la chini, la nyuma, na lilikuwa bishi. Tabibu alivuta, akapumzika, akafuta jasho kwa bega, akaanza upya. Fundi alifumba macho. Ni binti aliyeliona jino likitoka, na ni yeye aliyeonyeshwa mizizi yake miwili ikiwa mizima, haijakatika popote.

Halafu tabibu akatoa maelekezo, polepole, kama mtu anayejua kwamba wengi huwa hawasikilizi. Auume mpira wa shashi mpaka damu isimame. Asiteme, asisukutue leo, asivute sigara. Ile damu inayoganda shimoni ndiyo bandeji yake, ikitoka hana bandeji nyingine. Apumzike. Na asiweke kitu chochote mdomoni mpaka ganzi iishe.

Fundi akaitikia kwa kichwa kila neno, na kila neno alilielewa. Ila kitu, kwake, maana yake ilikuwa chakula. Misumari haikuwa kitu. Misumari ilikuwa kazi.

*

Karakanani walimpokea kwa maneno. Mwenzake wa benchi moja, mtu mrefu kama nguzo ambaye kwa sababu hiyo hiyo walimwita Kifupi, alimtazama midomo ilivyoning'inia akasema leo mzee amekuja na mdomo wa kuazima. Meneja alipopita, akauliza kama jino limetoka. Fundi akaitikia. Meneja akasema unaona sasa, akaenda zake.

Fundi akatema shashi kwenye pipa la vipande, akajaza misumari mdomoni, akaendelea pale alipoachia.

Ilikuwa kazi ya ajabu. Ulimi ulikuwa umelala kama samaki aliyevuliwa juzi. Misumari hakuisikia kabisa. Alijua iko mdomoni kwa sababu aliiweka yeye mwenyewe. Mara mmoja ukamdondoka kifuani, hakujua mpaka Kifupi alipomwonyesha. Mara mate yenye damu yakamtiririka mpaka kwenye kitambaa, akashtuka, akatafuta pa kufuta, kisha akaona hakuna haja. Damu na kitambaa vilikuwa rangi moja.

Jioni viti vyake vilikuwa vimekamilika sawa na vya wenzake. Ganzi ilipoanza kuisha alikuwa njiani, na maumivu yalimpokea mlangoni kabla ya mama mkwe wake.

*

Mama mkwe alikuwa amekuja kumzika bintiye, akabaki. Hakuna aliyemwomba abaki na hakuna aliyemuuliza ataondoka lini. Yeye na fundi waliishi kwa adabu kubwa, kila mmoja akimwachia mwenzake kiti cha karibu na dirisha, hata mara nyingi kiti kikakaa kitupu. Bibi hakuwa na jino hata moja kinywani. Alimkorogea mkwewe uji mwepesi, akamwekea kando mpaka upoe.

“Kunywa, baba. Mimi nimeyazika yangu yote, na hakuna msiba niliozoea upesi kama huo.”

Fundi alikunywa. Kesho yake akaanza kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, taratibu, kama alivyoelekezwa. Bibi akamwambia kidonda cha jino ni kama mgeni: ukimtendea vema anaondoka mwenyewe. Lakini huyu hakuondoka. Badala ya kupungua, maumivu yalishuka tayani, yakapanda sikioni, yakapiga kwa mapigo ya nyundo. Shavu likajaa. Kinywa kikaanza kunuka, naye akajua kinanuka, akawa anazungumza na watu akiwa amegeuza uso. Mezani alijitenga. Kazini Kifupi aliacha kumtania, na hilo ndilo lililomtisha.

Kila siku alijaza misumari, upande wa pili wa mdomo sasa, na kila siku meneja alisema bado kidogo tu, mgeni akishaondoka mtapumzika.

Mama mkwe alipochungulia kwa taa ya simu ya mjukuu wake, hakuona zaidi ya uvimbe na weupe. Akatoa hukumu: mzizi umeachwa ndani. Hawa watoto wa siku hizi wanavunja halafu wanakunyamazia.

“Mizizi niliiona, bibi,” binti akasema. “Yote miwili. Baba arudi tu kwa yule yule dada amwangalie.”

“Uliona kwa cheti gani?” fundi akamuuliza, uso ameugeuzia ukutani.

Hasira hii haikuwa ya jino peke yake, na binti aliijua ilikotoka. Baba yake alikuwa ameitunza mwaka mzima bila kuwa na mtu wa kumkabidhi. Watu walimwambia aoe, amsahau marehemu, naye aliwajibu kwamba jino la pembe si dawa ya pengo, wakaacha. Lakini hakuwa akitafuta mke. Alikuwa akitafuta mtu mmoja, ndani ya jengo lile lote, ambaye angesema: hili nililifanya mimi.

Safari hii, akasema, haendi chumba cha meno. Anakwenda kwa mganga mkuu.

*

Alishangaa jinsi alivyopokewa. Kwa habari ya mkewe alikaa kwenye mlango ule mpaka mlinzi akamzoea, akawa anamuuliza hali ya nyumbani. Kwa habari ya jino akaingizwa mara moja. Mganga mkuu alimwita mzee wangu, akamvutia kiti, akaagiza chai. Chai ilikuwa ya moto na fundi hakuweza kuinywa, lakini alikishika kikombe mikononi kwa heshima mpaka chai ikapoa.

Alieleza. Mganga mkuu akasikiliza na kutikisa kichwa kwa uchungu. Hata kumtazama kinywani hakumtazama. Alisema hospitali haitavumilia uzembe, na kwamba wananchi kama yeye ndio macho ya serikali. Kisha akamwita tabibu.

Msichana akaja na glavu moja mkononi. Mganga mkuu alimsema mbele ya mgonjwa, mbele ya binti wa mgonjwa, na mbele ya mhudumu aliyekuja kuchukua vikombe. Alimuuliza alisomea wapi. Akamuuliza kama huko walifundishwa kuacha mizizi ndani ya watu. Msichana akasema mizizi ilitoka yote, na akaomba tu amwangalie mzee kinywani kabla ya neno lolote. Mganga mkuu akajibu kwamba fisi hapewi bucha mara mbili. Mkataba wake hautaendelea. Ijumaa akabidhi funguo.

“Na jino lake?” tabibu akauliza. “Nani atamwangalia?”

Ilibidi mganga mkuu afikiri kidogo. Akasema ataletwa mtaalamu kutoka hospitali kubwa, hivi karibuni.

Fundi alitoka ameshikwa mkono na mganga mkuu mwenyewe, mpaka mlangoni. Mlinzi akashangaa. Ndani ya kifua alisikia kitu kama ushindi, na alipolipita benchi alitaka kusema neno, lakini halikuja.

*

Dawa ya maumivu aliyopewa ilimpa usingizi wa kuku. Asubuhi yake alikaa kwenye kiti cha dirishani, kwa mara ya kwanza mwaka ule, kwa sababu hakuwa na nguvu ya adabu. Jicho la upande ule lilikuwa halifunguki vizuri. Mtaalamu wa kutoka hospitali kubwa, binti alipouliza kwa simu, hakuna aliyekuwa na habari zake.

Binti alikuwa anafua kitambaa cha kukandia uvimbe. Alikikamua, akakikunjua, akakikamua tena ingawa kilishakauka.

“Baba, ulitaka mtu,” akasema. “Wamekupa mtu.”

Fundi akageuza uso kuelekea dirishani.

“Hawakukupa aliyekuwa na ufunguo. Wamekupa huyu wa kreti la soda. Na wewe umepokea.”

Mama mkwe akasema mtoto hasemi na mzazi hivyo. Akalisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetimiza wajibu tu, kisha akaendelea kupoza uji. Fundi akaomba viatu.

*

Ilikuwa Ijumaa. Tabibu alikuwa anapanga vyombo ndani ya sanduku, vya hospitali upande mmoja, vyake upande wa pili, na vyake vilikuwa kikombe na sweta. Aliwaona mlangoni, akasimama. Angeweza kusema neno lolote na wao wangelistahimili.

“Kaa, mzee,” akasema. “Funguo sijazikabidhi bado.”

Akamchoma tena ganzi. Akapanda kreti. Binti akashika taa. Tabibu alisafisha usaha kidogo kidogo, akasukuma maji kwa bomba la sindano, akachungulia, akasukuma tena. Kisha mkono wake ukatulia. Alibadilisha kifaa, akashika kitu kule chini, akakivuta kwa utaratibu wa mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto aliyelala. Kikaanguka ndani ya bakuli la chuma, kikalia.

Hakikuwa mzizi. Mizizi hailii hivyo.

Wote watatu waliinama juu ya bakuli. Kilikuwa kifupi, cheusi, kimeanza kushika kutu, na kichwa chake kilikuwa bapa. Tabibu hakukijua. Binti alikijua, kwa sababu tangu utotoni alikuwa anavitoa kwenye nguo za baba yake kabla ya kufua. Fundi alikijua zaidi ya wote. Alikumbuka ulimi uliolala, msumari uliomdondoka kifuani bila habari, kitambaa chekundu. Ulioanguka nje alionyeshwa na Kifupi. Ulioangukia ndani haukuwa na wa kuuona.

“Hiki si changu,” tabibu akasema, na sauti yake ikawa kama ya mtu anayeomba ruhusa.

Chumbani hapakuwa na mtu mwingine. Fundi angeweza kunyamaza. Mdomo wenyewe ulikuwa na ganzi na shashi, hakuna ambaye angemlaumu. Mzizi ungebaki mzizi. Ushindi wake, ule mmoja tu aliowahi kuupata katika jengo lile, ungebaki ushindi. Alinyoosha mkono, akautoa msumari bakulini, akaufuta kwa ukingo wa shati, akaukunjia ngumi.

“Chango,” akasema. Ganzi ilikuwa imemla ulimi. Akajaribu tena, akapiga kifua chake kwa ile ngumi. “Chango mimi.”

Tabibu akageuka kuelekea dirishani, akawa anapanga vitu vilivyokwisha kupangwa. Kwa mgongo akamwambia mambo yale yale: asiteme, asisukutue leo, apumzike. Akafika kwenye kitu chochote mdomoni, akasita.

“Na misumari,” akasema. “Na misumari, mzee.”

*

Mlinzi alisema leo mganga mkuu hana nafasi, anajiandaa kwenda kwenye ufunguzi wa ukumbi. Fundi akapita. Mlinzi, aliyemzoea, akawa ameona kitu nje cha kutazama.

Mganga mkuu alikuwa anafunga tai. Fundi akauweka msumari juu ya meza, juu ya kioo, akaketi. Akaanza kueleza, na maneno yakatoka kama uji. Mate yalimshuka kidevuni. Mganga mkuu akaangalia pembeni kama watu wanavyoangalia pembeni mtu mzima akijikojolea. Akasema mzee wangu, samahani, sikusikii, nenda kapumzike, tutazungumza ukipona.

Hapo binti akasogea mbele. Alieleza yeye: karakana, ganzi, meneja na jino lisilokuwa mguu, msumari. Alisema baba yake amekuja kusema kwamba kosa si la tabibu, na kwamba tabibu abaki kwenye kazi yake.

Mganga mkuu aliugusa msumari kwa ncha ya kalamu, akausukuma kidogo. Akacheka, akasema kumbe mzee ni kiwanda kinachotembea. Basi, akasema, hakuna tabu, msichana ataambiwa aendelee. Kumfukuza mtu na kumrudisha kulimgharimu kiasi kile kile: sentensi moja. Akachukua koti lake. Akasema anakwenda kuvikalia viti vya mzee mwenyewe, ni heshima hiyo.

Fundi hakuinuka. Akasema kitu.

“Anasemaje?” mganga mkuu akauliza.

Fundi akarudia. Shashi ilikuwa imelowa, na damu nyembamba ilionekana kwenye pembe ya mdomo. Mganga mkuu hakuelewa, au alijifanya haelewi, akamgeukia binti. Binti alikuwa ameelewa tangu mara ya kwanza. Ilikuwa kauli ambayo hakuwahi kuisikia nyumbani, kwa sababu nyumbani walikuwa wanaizunguka kama wanavyokizunguka kile kiti cha dirishani. Akaweka mkono begani kwa baba yake.

“Baba anasema, hiki ni chake, na amekileta mwenyewe,” akasema. “Anasema sasa na wewe useme. Siku ile mama yangu amekaa pale kwenye benchi, ufunguo wa chumba cha mitungi ulikuwa kwa nani?”

“Hilo ni jambo jingine,” mganga mkuu akasema.

“Ni jambo hilo hilo.”

Mlinzi akagonga, akasema gari liko tayari. Mganga mkuu akaitikia kwamba anakuja. Akapiga hatua kuelekea mlangoni, lakini njia ilipita kati ya meza na magoti ya fundi, na magoti hayakusogea. Fundi alikuwa ameketi kama mtu anayejua viti, mgongo umenyooka, mikono juu ya mapaja, mdomo umefungwa juu ya shashi. Alikuwa ameambiwa apumzike.

Gari likapiga honi nje. Mganga mkuu akautazama msumari juu ya kioo, akatazama mlango, akatazama saa. Kisha, koti likiwa limevaliwa mkono mmoja tu, akarudi nyuma ya meza yake, akakaa.